Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Mwanamfalme Albert, yule Mjerumani mume wa Malkia Victoria

Huku kwetu Victoria anajulikana kwa sababu ya ziwa, alafu mtu anaangalia ramani anaona Ziwa Albert pale juu kati ya Uganda na Kongo na hajui kama hao wawili walikuwa mke na mume. Mi nimekulia Mwanza na nilifika kidato cha pili ndo nikajua. Toka hapo nimesoma habari za huyu bwana miaka mingi, na haya maswali ndo yaleyale ninayoulizwa kila nikimtaja, nimeyapanga kuanzia mepesi mpaka yale yanayochanganya.

## Alikotoka

Albert ni nani hasa?

Ni mwanamfalme wa Kijerumani aliyezaliwa tarehe 26 Agosti 1819 kwenye kasri la Rosenau, nje kidogo ya mji wa Coburg. Ukoo wake ni Saxe-Coburg na Gotha, ingawa siku anazaliwa walikuwa bado wanaitwa Saxe-Coburg-Saalfeld, hiyo Gotha waliipata 1826 kwenye mambo ya urithi. Mwaka 1840 alioana na Victoria malkia wa Uingereza, wakaishi pamoja karibu miaka 22, wakapata watoto tisa, na akafariki akiwa na miaka 42 tu.

Mbona kila saa tunasikia mwanamfalme wa Kijerumani, kwani Ujerumani ilikuwa na wangapi?

Walikuwa wengi kwelikweli, maana nchi moja inayoitwa Ujerumani ilikuja kuungana 1871, miaka kumi baada ya Albert kufa. Kabla ya hapo kulikuwa na vijidola karibu arobaini, kila kimoja na mtawala wake na ikulu yake na heshima zake. Coburg kilikuwa kati ya vile vidogo kabisa, hakina jeshi la kumtisha mtu wala hela za kutosha.

Walichokuwa nacho ni watoto wa kuozesha, na hapo ndo ukoo huu ulipowashinda wote. Shangazi yake Albert anayeitwa Juliane aliolewa kwenye familia ya mfalme wa Urusi akiwa na miaka 14 tu, ndoa ikavunjika lakini mlango ulikuwa umeshafunguka. Baba yake mdogo Leopold alimuoa Charlotte mrithi wa Uingereza, Charlotte akafa kwa uzazi 1817, na baadae huyohuyo Leopold akachaguliwa kuwa mfalme wa kwanza wa Ubelgiji 1831. Binamu yake mwingine, Ferdinand, akamuoa malkia wa Ureno 1836. Kwa hiyo Albert kuoana na malkia haikuwa bahati ya ghafla, ni kazi ambayo ukoo ulishaifanya kwa miaka mingi kabla yake.

Wazazi wake ni kina nani, na ni kweli mama yake alifukuzwa?

Baba ni Ernst, mtawala wa Coburg. Mama ni Luise wa Saxe-Gotha-Altenburg, binti aliyeolewa akiwa na miaka 16 na mwanaume aliyemzidi kama miaka 17, na mume mwenyewe alikuwa na wanawake wengine nje bila kuficha. Luise nae baadae akasemwa kwamba ana mtu. Mwaka 1824 akaondolewa ikulu, akaacha watoto wawili, Albert akiwa ana miaka mitano. Talaka ikatoka 1826, akaolewa na yule bwana, na 1831 akafia Paris kwa saratani akiwa na miaka 30. Wanawe hakuwaona tena.

Mi hapa ndo naona ufunguo wa mtu mzima. Mtoto aliyeshuhudia nyumba ikivunjika hivo alikuja kuwa baba anayetaka kila mtu akae mezani, mume asiyetoka nje, mtu anayeogopa zinaa kama moto. Na binti yake wa nne akapewa jina la Louise, jina la yule mama aliyekuwa hatajwi.

Nasikia Ernst hakuwa baba yake mzazi?

Uvumi wa zamani, na hauna ushahidi wowote. Umetokana na hiyo talaka, lakini mambo ya mama na yule bwana yalikuja miaka kadhaa baada ya Albert kuzaliwa.

Alikuwa na ndugu wangapi?

Mmoja, kaka yake Ernst, wamepishana miezi 14 na wamekuzwa kama mapacha, mwalimu mmoja, chumba kimoja, hata kwenda Brussels na baadae chuo kikuu cha Bonn walienda wote. Baba yao alioa tena 1832 akamchukua mpwa wake mwenyewe, Marie wa Württemberg, kwa hiyo kwa Albert huyo mama wa kambo alikuwa pia ni mtoto wa shangazi. Ernst ndo alirithi Coburg 1844, na kwa kuwa hakupata mtoto wa ndoa urithi ukarudi kwa watoto wa Albert (angalia swali la watoto tisa).

## Ndoa

Ni kweli Albert na Victoria walikuwa binamu?

Ndiyo, binamu wa kwanza kabisa. Mama yake Victoria na baba yake Albert ni dada na kaka, tumbo moja. Yaani Albert kaoana na mtoto wa shangazi, na Victoria kaolewa na mtoto wa mjomba, na yule Leopold wa Ubelgiji ni baba mdogo kwa Albert na ni mjomba kwa Victoria. Wenzetu wa Ulaya maneno ya ukoo wanayachanganya, kwa Kiswahili ukishasema shangazi na mjomba mchoro wote unaonekana. Watu wa pwani hawatashangaa, binamu nyama ya hamu.

Na kitu ambacho mi hunigusa kila nikikisoma, mkunga alikuwa mmoja. Mama Charlotte von Siebold alimzalisha mama yake Victoria kule London mwezi wa tano 1819 akarudi Ujerumani, na miezi mitatu baadae akampokea Albert kule Rosenau.

Nani alimposa mwenzake?

Victoria. Malkia haposwi, kwa cheo chake hakuna mwanaume aliyeruhusiwa kumtamkia, ilibidi aseme yeye. Walionana mara ya kwanza 1836 wakiwa na miaka 16 na 17, wazee wa ukoo ndo waliopanga, Victoria akampenda kiasi lakini akataka asubiri. Oktoba 1839 Albert akaja tena Windsor na safari hii binti alipagawa, siku tano tu baada ya kumuona, tarehe 15, akamwita chumbani akamwambia. Harusi ikawa tarehe 10 Februari 1840, London, wote wana miaka 20.

Kwanini hakuitwa mfalme?

Kwa sababu ya sheria na kwa sababu ya watu kutomwamini. Mke wa mfalme anaitwa malkia moja kwa moja, ila mume wa malkia hapewi ufalme, na wanasiasa wa Uingereza hawakutaka Mjerumani wa miaka 20 awekwe juu yao. Bunge lilimpangia pauni 30,000 kwa mwaka wakati Leopold kabla yake alipewa 50,000, na Albert aliliona hilo na liliuma. Miaka 17 alikaa bila cheo rasmi cha ndoa, mpaka 1857 Victoria mwenyewe alipoandika hati ya kumpa.

Nyumbani walizungumza lugha gani?

Kiingereza na Kijerumani vyote viwili. Lafudhi ya Kijerumani haikumtoka Albert mpaka anakufa, na magazeti ya London yalimsema kwa hilo kila kulipokuwa na ugomvi na nchi za nje.

## Kazi zake

Siku nzima alikuwa anafanya nini kama hakuwa mfalme?

Mwanzoni hakuwa na la kufanya, na ndo kipindi alichomwandikia rafiki yake kwamba yeye ni mume tu wala sio mkuu wa nyumba. Kazi yake ilikuwa kukausha wino Victoria akishasaini. Alafu mke akapata mimba mapema, watoto wakafuatana, na taratibu akamuachia makaratasi, meza zao zikawekwa pamoja, ikafika mahali barua za serikali anaziandika Albert na Victoria anazinakili.

Kitu cha kwanza alichokishika ni ikulu yenyewe. Kulikuwa na fujo huwezi kuamini, madirisha upande wa ndani yanasafishwa na idara moja na upande wa nje na idara nyingine, kwa hiyo hayakuwa safi pande zote kwa siku moja hata mara moja. Moto idara hii inapanga kuni, idara ile ndo inawasha. Alivunja yote hayo, akapunguza wizi na ulaji, na akiba iliyopatikana ikasaidia familia kupata nyumba yao ya Osborne kule kisiwa cha Wight.

Ila kama unataka kazi moja ya kumkumbuka nayo ni Maonyesho Makubwa ya 1851, ya bidhaa za viwanda za mataifa, ndani ya jengo la vioo pale Hyde Park, London. Alisimamia mwenyewe kama mwenyekiti, magazeti yakamkejeli, wabunge wakasema jengo la vioo litaanguka na wageni wataleta magonjwa, na yeye akaendelea mpaka usingizi ukampotea. Wageni walifika kama milioni sita kuanzia Mei hadi Oktoba na faida ikawa kama pauni 186,000, na hela ile hakuna aliyeitia mfukoni, ilinunua ardhi ya South Kensington ambapo leo kuna makumbusho yale makubwa na chuo cha Imperial. Kwa mtu aliyeambiwa hana kazi nadhani alifanya kazi kuliko waliomwambia.

Ni kweli alipinga biashara ya utumwa?

Ndiyo. Hotuba yake ya kwanza mbele ya watu Uingereza, tarehe 1 Juni 1840, ilikuwa kwenye mkutano wa chama cha kukomesha biashara ya watumwa Afrika, yeye akiwa rais wa chama. Alikuwa na miaka 20, aliiandika kwa Kijerumani, Victoria akasaidia kuitafsiri, akaikariri yote kwa woga. Lakini tuseme ukweli wote, chama hichohicho kilikuwa pia na mpango wa kuipeleka Afrika "ustaarabu" kwa jinsi Waingereza walivyouelewa wao, na njia hiyo tunajua ilikofika.

Yeye ndo alileta mti wa Krismasi Uingereza?

Hapana, Malkia Charlotte bibi yake Victoria aliuweka 1800. Albert aliufanya upendwe, baada ya picha ya familia yao wakiuzunguka mti kutoka gazetini 1848.

## Watoto, wajukuu na waliofuata

Wale watoto tisa ni kina nani?

Wa kwanza Vicky, 1840, aliyeolewa Prussia, ufalme wa Kijerumani. Wa pili Bertie, 1841, aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII. Alice, 1843, aliolewa Hesse, hukohuko Ujerumani. Alfred, 1844, baharia, ndiye aliyerithi Coburg baada ya baba yake mkubwa Ernst kufa 1893. Wakafuata Helena 1846, Louise 1848, Arthur 1850, Leopold 1853 aliyekuwa mgonjwa, na kitinda mimba Beatrice 1857.

Moyo wa Albert ulikuwa kwa Vicky, mtoto mwenye akili sana, walikuwa wanasoma siasa pamoja kila jioni. Alimuoza Januari 1858 akiwa na miaka 17 kwa Friedrich wa Prussia, kijana mpole mwenye mawazo ya bunge na katiba, na matumaini yake yalikuwa kwamba hao wawili wataiunganisha Ujerumani kwa amani na iwe rafiki wa Uingereza. Friedrich alikuja kutawala 1888 akiwa tayari na saratani ya koo, akakaa siku 99, akafa. Kiti kikachukuliwa na mtoto wao Wilhelm II, na huyo Wilhelm tutamkuta tena huku kwetu.

Na Bertie kwa upande wake alibebeshwa masomo ya asubuhi mpaka usiku bila marafiki, eti awe mfalme mkamilifu. Albert alikuwa baba mwenye upendo, aligaragara sakafuni akicheza na watoto, lakini kwa huyu mtoto alikosea na alikosea vibaya.

Ugonjwa wa damu kutoganda ulitoka kwake?

Hapana, na hili watu wanalikosea sana kwa kuwa walikuwa binamu. Ugonjwa huu unapita kwa mama, mtoto wa kiume anaupata kutoka kwa mama yake. Albert hakuwa nao, kwa hiyo hakuwa na cha kuwapa. Victoria ndo alikuwa amebeba bila kuugua, ukamshika Leopold, na Alice na Beatrice wakabeba pia. Kwa Alice ukapita kwa bintiye Alix, mke wa mfalme wa mwisho wa Urusi, mpaka kwa mtoto wao Alexei, na kwa Beatrice ukaenda Hispania.

Wafalme gani wa leo ni uzao wake?

Charles III wa Uingereza, Harald V wa Norway, Carl XVI Gustaf wa Uswidi, Felipe VI wa Hispania na Frederik X wa Denmark, wote. Wa Uswidi ni uzao wake kwa baba na kwa mama, wa Hispania vilevile. Wa Ubelgiji hayumo, yeye anatokea kwa Leopold baba mdogo.

Kwahiyo Malkia Elizabeth II na mumewe Philip walikuwa ndugu?

Ndiyo, wote vilembwe wa Albert. Elizabeth kupitia Bertie, kisha George V, kisha George VI baba yake. Philip kupitia Alice, kisha binti yake Victoria, kisha Alice mwingine ambaye ni mama yake Philip. Wana undugu mwingine tena wa upande wa Denmark lakini huo hauhusiani na Albert.

Kama ukoo ni Saxe-Coburg mbona leo wanaitwa Windsor?

Vita. Julai 1917 Waingereza walikuwa wanauawa na Wajerumani kila siku na mfalme wao anatumia jina la Kijerumani, George V akalibadilisha, akachukua jina la kasri. Jina la babu yake likafutwa miaka 16 tu tangu liingie kwenye kiti cha Uingereza na Edward VII 1901.

## Kifo

Alikufa na nini?

Madaktari waliandika homa ya matumbo. Alifariki tarehe 14 Desemba 1861 usiku, kasri la Windsor. Lakini alikuwa analalamika tumbo miaka kadhaa kabla, na wasomaji wa siku hizi wengine wanaona ilikuwa ni maradhi ya utumbo ya muda mrefu au saratani. Alikuwa amechoka pia, mama mkwe wake (shangazi yake, kumbuka) kafa mwezi wa tatu, alafu Novemba ikaja habari kwamba Bertie ana uhusiano na mwigizaji mmoja wa kike, na kwa mtu mwenye historia ya wazazi wale habari hiyo ilimvunja. Akasafiri Cambridge kwenda kuongea na mtoto, akatembea nae kwenye mvua, akarudi mgonjwa. Victoria alimlaumu Bertie kwa miaka mingi.

Kazi yake ya mwisho, kalamu ikimtetemeka, ilikuwa kulainisha barua kali ya serikali ya Uingereza kwa Marekani baada ya manowari ya Marekani kuisimamisha meli ya Kiingereza iitwayo Trent. Nchi zile mbili zilikuwa zinakaribia kupigana na barua ile ilisaidia zisipigane.

Ni kweli Victoria alivaa nyeusi mpaka anakufa?

Kweli, miaka 39, mpaka Januari 1901. Chumba cha Albert kiliachwa kama kilivyo na maji ya moto ya kunyolea yakawa yanapelekwa kila siku. Wamelazwa pamoja Frogmore, Windsor. Na Alice, binti aliyemuuguza baba yake mpaka mwisho, nae alikufa tarehe 14 Desemba, mwaka 1878.

## Huku kwetu

Albert aliwahi kufika Afrika? Ziwa lilipataje jina lake?

Hakuwahi. Speke aliliona ziwa letu pale Mwanza 1858 akalipa jina la malkia, na Samuel Baker alipofika lile jingine Machi 1864 akalipa jina la mume, ambaye wakati huo ana zaidi ya miaka miwili kaburini. Wenyeji wa Bunyoro walikuwa wanaliita Mwitanzige, muua nzige. Baadae Stanley akaongeza Ziwa Edward, yaani Bertie, na ziwa dogo la jirani likaitwa George, mtoto wa Bertie. Ukichukua ramani ya maziwa yetu una mke, mume, mtoto na mjukuu, familia nzima ambayo haijawahi kuvua samaki hapo.

Ni kweli Victoria alimpa mjukuu wake Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa?

Sio kweli, ingawa tumehadithiwa wote. Mpaka ulichorwa 1886 kwenye makubaliano ya Waingereza na Wajerumani, kutoka pwani pale mto Umba, ukazunguka mlima upande wa kaskazini, ukaenda mpaka ziwani. Wilhelm hakuwa mtawala wa kitu mwaka huo, babu yake mwingine ndo alikuwa kwenye kiti. Mpaka umepinda kwa sababu Wajerumani walishadai mlima na Waingereza walitaka Mombasa. Kilicho kweli ni kwamba 1889 Hans Meyer alipofika kileleni alikiita kwa jina la Wilhelm, na kikabaki hivo mpaka tulipokiita Uhuru.

Vita ya Kwanza ya Dunia huku Afrika Mashariki inamhusu vipi?

George V na Wilhelm II wote ni wajukuu zake Albert, mmoja kwa Bertie na mwingine kwa Vicky, na Alix wa Urusi ni mjukuu pia. Novemba 1914 majeshi ya hao wajukuu wawili yalikutana Tanga. Wapagazi waliokufa ni makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara na mizigo, watu wa Ukambani, Unyamwezi, Unyasa, Kongo, na kumbukumbu iliyobaki ni jina la Kariakoo, kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Ndoa iliyopangwa ili mataifa mawili yasigombane haikuzuia hata siku moja ya hayo.

Leopold wa Kongo ni huyohuyo Leopold baba mdogo?

Hapana, huyo ni mwanae, Leopold II. Maana yake mtu aliyeifanya Kongo mali yake binafsi kuanzia 1885 na watu wakakatwa mikono kwa ajili ya mpira alikuwa binamu wa kwanza wa Albert na wa Victoria. Albert alikuwa ameshakufa.

Na Parc Albert na Albertville, ni jina lake?

Sio lake. Hifadhi ya Albert, leo Virunga, ilianzishwa 1925 kwa jina la Albert I mfalme wa Ubelgiji, mjukuu wa Leopold wa kwanza, na Albertville ambayo sasa ni Kalemie ni ya huyohuyo Mbelgiji. Mobutu nae aliliita Ziwa Albert kwa jina lake kwa miaka kadhaa, Amin akafanya hivohivo kwa Ziwa Edward, na majina ya zamani yakarudi walipoondoka. Mwitanzige bado inatamkwa na wavuvi wa upande wa Bunyoro.